Kuona Jumamosi, Kununua Jumapili

Mimi na mume wangu tuna utaratibu ambao tumeulinda tangu tulipooana: Jumamosi hatupangi jambo lolote la lazima kabla ya adhuhuri. Kazi za ofisini zinasubiri, nguo za kufua zinasubiri, na ndugu wanaotufahamu vizuri wanajua kwamba wakitaka kutukuta nyumbani waje Jumapili jioni. Tunakunywa chai taratibu, kisha tunatoka kwenda kutafuta vitu vya zamani, mara nyingi hapa hapa Dar es Salaam na, mfuko unaporuhusu, katika mji mwingine ambako tutalala usiku mmoja au miwili. Tumekwenda Tanga, Mombasa, Morogoro, Nairobi na Unguja kwa mtindo huo, na kila safari imezidi kunithibitishia jambo ambalo ningependa kulieleza kwa kirefu: kitu cha zamani hakinunuliwi siku kinapoonekana. Huonwa Jumamosi, mtu akaenda kulala na fikra zake, na kama bado kinastahili, hununuliwa Jumapili.

Fedha ni sababu mojawapo, lakini si kubwa. Siku ya kwanza macho hutazama mapambo, na siku ya pili hutazama maungio. Muuzaji naye siku ya kwanza hutaja bei, na siku ya pili, akikuona umerudi, huanza kusimulia kitu kimetoka kwa nani, kilikaa wapi na kwa nini kinauzwa. Maelezo hayo hayapatikani kwa mtu aliyeshuka garini dakika kumi zilizopita na ambaye dereva wake amewasha injini. Ndiyo maana ninaamini kwamba mapumziko yasiyo na haraka ni sehemu ya ununuzi wenyewe, na kwamba watu wawili wanaotembea pamoja kwa utulivu huona zaidi ya mnunuzi mmoja hodari. Mume wangu ni mtu wa vyuma, mbao na namba. Mimi ni mtu wa vitambaa. Ninapopita meza ya spana na taa za chemli bila kugeuka, yeye amechutama tayari. Anapopita rundo la mashuka, mimi nimeshaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

Macho tuliyafundisha Karume, Ilala. Soko hilo liliteketea kwa moto tarehe 16 Januari 2022, na wafanyabiashara wake walirudi kusimamisha meza zao kwa ari ambayo mpaka leo inanifanya nisikose kwenda kununua kwao. Anayetaka mali ya kwanza ni lazima awahi alfajiri, wakati mabelo yanakatwa kamba na wenye maduka ya mjini wanagombania nguo zinazokwenda na wakati. Sisi tunafika saa nne, vijana wakiwa wameshachagua wanachokitaka, kwa kuwa tunachokitaka ndicho walichokiacha: koti zito la sufu, shati la pamba nene lenye kola ndefu, sketi iliyotiwa bitana kwa mkono. Kwenye meza moja nililikuta koti la kike la kijani lililokunjamana, na mwenye meza akalikung'uta vumbi likatoka. Lebo ilieleza kwamba limetengenezwa Ujerumani Magharibi. Ujerumani mbili ziliungana Oktoba 1990, kwa hiyo koti lile haliwezi kuwa la baada ya hapo. Nikageuza upindo wa chini, nikaona aliyelishona ameacha kitambaa cha ziada cha vidole vitatu ndani, ili mwenye koti akinenepa au mtindo ukibadilika, fundi apate pa kufumulia. Matundu ya vifungo yalikuwa yamezungushiwa uzi kwa mkono, tundu moja likiwa limebana zaidi kuliko mengine, kama kazi ya mkono inavyokuwa. "Anti, hilo limekaa muda mrefu, chukua tu," kijana akaniambia. Nililichukua kwa bei ya soda chache, na hilo ndilo tabaka pekee la vitu ambalo sisubiri Jumapili, kwa sababu Karume kitu kikipelekwa meza nyingine hakionekani tena.

Kuna alama nyingine ambazo mtu akizijua huacha kubahatisha. Marekani ilianza kuwalazimisha watengenezaji wa nguo kushona lebo ya maelezo ya kufulia mwaka 1972, na kwa sababu hiyo gauni la Kimarekani lisilo na maelezo hayo, na ambalo lebo yake haijakatwa, linastahili kutazamwa mara ya pili. Suruali za Levi's zenye kitambulisho chekundu chenye herufi E kubwa ni za kabla ya 1971. Fulana nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina mstari mmoja tu wa mshono kwenye mikono na chini, wakati za baadaye zina mistari miwili. Ukikuta nguo ya kike yenye lebo ya chama cha wafanyakazi cha ILGWU, ujue ilishonwa na wanachama wa chama hicho kabla hakijaungana na kingine mwaka 1995. Ninayaandika haya kwa sababu vijana wengi wa Kitanzania na Kikenya wameanza kuuza nguo za aina hii mtandaoni, na ningependa wazijue thamani zake wao wenyewe kabla hawajaelezwa na mnunuzi wa mbali.

Ninajua mitumba ni jambo la ubishi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, na hadi katikati ya miaka ya 1980, uagizaji wake ulibanwa nchini kwetu, na watu walivaa vilivyofumwa Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, au Mwatex ya Mwanza, au Kiltex ya Arusha. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuiondoa mitumba sokoni kwa hatua; Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, na Rwanda peke yake ikashikilia msimamo hadi ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Mimi ninahuzunika kwa ajili ya viwanda vilivyozorota, na wakati huo huo sioni aibu kununua Karume. Ninachokiona kimesahauliwa katika ubishi huo ni ubora. Mama mkwe wangu bado anatandika shuka la Urafiki alilonunua akiwa msichana, limelainika lakini halijachanika, na mimi shuka kama hilo nikilikuta mnadani ninalipa zaidi ya ninavyolipia koti la Ulaya.

Mji unaozawadia subira kuliko yote ni Tanga. Kuna sababu ya kihistoria. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, mwaka ule ule Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea Usambara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ndiyo mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Fedha ya mkonge iliingiza Tanga baiskeli, saa za ukutani, vyerehani, redio na makabati ya vioo, si kwa mabwana shamba peke yao bali pia kwa makarani, mafundi na wenye maduka. Kisha nyuzi za plastiki zikaangusha bei ya mkonge, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na mji ukapunguza mwendo. Mji uliopunguza mwendo hautupi vitu vyake, na vitu vilivyonunuliwa katika neema vikabaki katika nyumba zile zile, vikitumika. Ukitembea Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, hadi zinapopita kumi, utaviona barazani: kiti cha mkono kilichosukwa upya, baiskeli ya chuma kizito yenye dinamo, meza ya fundi yenye droo za mninga.

Ni katika barabara mojawapo ya hizo, karibu na wakati wa alasiri, tulipokuta mzee mmoja fundi wa vyerehani amekaa kibarazani akisafisha Singer ya mkono kwa kitambaa kilicholowa mafuta. Tulimwamkia, akaitikia, akatusogezea bao la kukalia. Cherehani lilikuwa jeusi, lenye mapambo ya rangi ya dhahabu yaliyofutika sehemu moja tu, pale mbele ya sindano, ambapo kwa miaka mingi kiganja cha mshonaji kilipita kikisukuma kitambaa. Mume wangu aliinama akasoma namba iliyogongwa kwenye bati, upande wa gurudumu. Ilianza na herufi Y. Singer zenye namba hizo zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kiwanda chenyewe kilifunguliwa 1885 na kufungwa 1980, lakini mashine zake zinaendelea kushona sare za shule kwetu. Tulimuuliza mzee bei. Hakutaja. Alituuliza, "Kati yenu nani anajua kushona?" Mume wangu akasema kwamba baba yake alikuwa fundi cherehani na yeye alikulia chini ya meza ya kukatia. "Basi kesho njoo na kitambaa," mzee akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua na bei ya nazi.

Jumapili asubuhi tulirudi na kipande cha kitambaa cha pamba cha marekani tulichonunua dukani. Mzee alimwekea mume wangu stuli, akakaa pembeni, akafunga mikono. Mashine ya aina ile ina bobini nyembamba ndefu inayolala ndani ya kikasha cha chuma, na kikasha hicho huenda mbele na nyuma chini ya bati kwa mlio wa kukatika-katika. Asiyekizoea hukiingiza kinyume na kukata uzi. Mume wangu alikichomoa, akakipuliza, akakirudisha, akapitisha uzi, akazungusha mkono wa gurudumu kwa kulia huku kushoto akiongoza kitambaa. Mshono ulitoka umenyooka, nukta zimelingana. Mzee aliukagua upande wa chini, kwa kuwa ubora wa mshono huonekana chini wala si juu, kisha akataja bei, na nilipojaribu kuipunguza kama ada, mume wangu akanigusa mkono. Ilikuwa bei ya haki. Tukaambiwa mashine ilikuwa ya mwanamke aliyeshonea nusu ya mtaa nguo za Idi, na kwamba wajukuu zake walikuja kuiuza kwa sababu hakuna aliyetaka kujifunza. Mzee alikuwa amekataa wanunuzi waliotaka kuifanya pambo la mgahawa. Sindano za kawaida zinazouzwa Kariakoo zinaiingia bila tabu, na sasa mapazia yetu yote yameshonwa nayo.

Kutoka Tanga hadi Mombasa si mbali, unavuka Horohoro na Lunga Lunga, halafu kivuko cha Likoni, na safari hiyo tumeiweka kwa ajili ya wikiendi zenye sikukuu ya Jumatatu. Asubuhi ya Mombasa kwetu ni mahamri na mbaazi, kisha Mtaa wa Biashara. Hapo ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa 1887, ambalo kanga zake zenye chapa ya Mali ya Abdulla zimevaliwa na vizazi kadhaa vya wanawake wa pwani. Kanga mpya ninanunua dukani kama kila mtu. Za zamani hazipo madukani, ziko masandukuni, na kuzifikia ni lazima mtu amjue mtu. Kwa upande wangu ilitosha kukaa Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu, kwenye baraza ya mama mmoja anayeuza viazi karai, na kumsifia kanga aliyojifunga. Kesho yake alinipeleka kwa shangazi yake.

Shangazi alifungua sanduku la bati, harufu ya udi na karafuu ikatoka, akazitoa doti moja baada ya nyingine na kuzitandaza kitandani. Kanga zilianza kuvaliwa pwani hii katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake walipounganisha leso za kununua kuwa kitambaa kimoja kikubwa. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza zichapwe kipande kizima Uingereza, Uholanzi, Uhindi na Japani, na viwanda vya Afrika Mashariki vikafuata. Maneno yaliyoongezwa juu yake yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikaja za Kirumi, na kwa hiyo kanga ambayo jina lake, yaani maneno hayo, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa kawaida ni ya umri mkubwa. Katika sanduku lile ilikuwemo moja. Ardhi yake ilikuwa ya rangi ya matofali, pindo lina maua ya mikorosho meusi, na mji, yaani sehemu ya ndani ya pindo, una mduara mkubwa katikati. Mume wangu, aliyesoma chuoni utotoni, alilifuata jina kwa kidole, herufi kwa herufi, akisimama kutafuta irabu, huku shangazi akimtazama kwa tabasamu la mtu anayejua jibu. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Shangazi akapiga vigelegele.

Hiyo hakuiuza, nami sikumsumbua. Aliniuzia doti mbili za Kirumi na kisutu kimoja, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi, kikiwa kimefuliwa hadi kikawa laini kama ngozi ya mtoto. Nilikisugua kwa dole gumba nikaona rangi imeingia pande zote mbili za uzi kwa usawa, jambo ambalo kwenye kanga nyingi za siku hizi, zilizochapwa upande mmoja na zenye mchanganyiko wa poliesta, huwezi kulipata. Ningetamani makumbusho yetu yanunue masanduku kama yale yakiwa mazima, pamoja na simulizi za wenyewe, kwa sababu kanga ikitoka sandukuni bila maelezo ya aliyeivaa imepoteza nusu ya thamani. Nimeanza kuandika maelezo hayo kwenye daftari: nani alinunuliwa, na nani, kwa tukio gani. Shangazi alisema kisutu kile alivalishwa dada yake mkubwa, na jina la dada huyo nimelihifadhi kwa ajili ya wanangu, si kwa ajili ya makala hii.

Morogoro na Nairobi ninaziweka pamoja kwa sababu ya santuri. Tangu treni ya mwendo kasi ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, tunaweza kutoka asubuhi na kufika chini ya saa mbili, tukashinda mjini na kulala chini ya milima ya Uluguru. Huu ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na mtu angetegemea kukuta sahani zao kila kona. Hazipo. Muziki ulipigwa Morogoro, lakini sahani zilichapwa Nairobi, ambako viwanda na kampuni za kurekodi zilikuwa, na mpaka wa nchi zetu ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983 bidhaa hizo hazikupita kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba wimbo wa Morogoro nimeukuta mara nyingi zaidi Nairobi, ambako ndani ya Soko la Kenyatta kuna muuzaji wa santuri anayejulikana na wapenzi wa muziki wa mbali na karibu. Morogoro hutupatia kitu kingine: wazee waliocheza dansi hizo, ambao mume wangu akiwafikia na chai hawamalizi kusimulia nani alipiga gitaa la solo na nani alikuwa mnyimivu wa tuzo.

Ukinunua santuri, usiishie kutazama picha ya jalada. Iinamishe sahani mwangani uone kama mikwaruzo inaonekana tu au inakwaza ukucha. Tazama tundu la katikati, kwa kuwa sahani iliyopigwa sana ina mistari hafifu kwenye lebo, pale ambapo watu walikuwa wakiitafutia shina, kile kijiti cha katikati cha gramafoni, gizani ukumbini. Na soma namba iliyochorwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo, maana hiyo haiongopi hata lebo ikiwa imebadilishwa. Sahani moja ya Mbaraka tuliyoiona Jumamosi hatukuikuta Jumapili. Mume wangu alinyamaza njia nzima ya kurudi hotelini. Hilo ni gharama ya utaratibu wetu, na bado ninaupendelea, kwa kuwa yaliyotuponyoka ni machache sana ukilinganisha na yale tuliyoepushwa nayo.

Kuepushwa huko hakuna mahali kulikoonekana wazi kama Unguja. Boti ya kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili, na Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umejaa maduka ya vitu vya kale, hasa kandokando ya Gizenga na Hurumzi. Tulipita mbele ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, tukasimama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha tukaingia dukani. Kulikuwa na kasha kubwa lenye safu za misumari ya shaba iliyopangwa kwa nyota, droo tatu chini, na ndani upande wa kushoto kisanduku kidogo chenye kifuniko, kama yalivyo makasha yaliyoletwa zamani kutoka Uhindi na Ghuba. Muuzaji alisema, "Bibie, hili la karne mbili, la nyumba ya kifalme." Chini ya taa lilipendeza mno. Tukamshukuru, tukaenda kunywa kahawa na kashata, tukalala.

Jumapili tulirudi saa nne, mlango ukiwa wazi na jua limeingia. Mume wangu aliomba ruhusa, akaitoa droo ya katikati na kuipindua. Mbao za chini zilikuwa na alama za msumeno wa mashine, zimelingana na kunyooka mno, na skrubu zilizoshika pembe zilikuwa na ncha kali za kisasa. Mahali ambapo msumari wa kale ungekuwa umeacha kivuli cheusi ndani ya mti, hapakuwa na kivuli. Kasha lilikuwa jipya, limepakwa rangi na kukwaruzwa ili lizeeke. Nataka nieleweke vizuri hapa: maseremala wa Zanzibar wanaotengeneza makasha leo ni mafundi wa kweli, na kazi yao inastahili kununuliwa kwa jina lake na kwa bei nzuri. Kinachoniudhi ni kumzeesha fundi aliye hai hadi afe kwenye maelezo ya muuzaji, ili mgeni alipie karne ambazo hazikupita. Tulimuuliza muuzaji kwa upole aliyelitengeneza ni nani, akacheka, akatuelekeza kwenye karakana, na huko tukaagiza meza ya kahawa ambayo tunaijua ilichongwa mwezi gani na kwa mvule uliotoka wapi.

Kuna vitu ambavyo hatununui hata vikiwa vya kweli. Milango ni ya kwanza. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitaja kabisa milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa, na upande wowote wa bahari mlango ukiondolewa nyumbani mwake ni nyumba inayokufa. Pembe za ndovu hatuzigusi, hata kama ni vipande vidogo vilivyopachikwa kwenye kiti cha enzi, kwa kuwa biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku tangu 1990. Miswada na vitabu vya mkono tunawaambia wenyewe wavipeleke kwenye nyaraka za taifa zikaangaliwe. Watalii wengi hawayajui haya. Wauzaji wengi wanayajua.

Safari yetu ya mwisho ya Unguja imetuachia jambo ambalo halijaisha. Katika nyumba moja ya Mji Mkongwe tulionyeshwa samadari, kile kitanda cha zamani chenye miguu iliyochongwa na kichwani vioo vilivyopakwa maua kwa nyuma. Familia inahama na inataka kiende kwa watu watakaokilalia. Kioo kimoja kina ufa, mguu mmoja umeliwa kidogo na mchwa, na chaga zake zimebadilishwa, jambo ambalo mwenye nyumba alitueleza mwenyewe kabla hatujauliza. Mume wangu anakitaka sana. Mimi nilihofia ngazi zetu. Tulikitazama Jumamosi, na Jumapili tukarudi na utepe wa kupimia: mlango wetu una upana wa sentimita 82, ubao wa kichwani una zaidi ya hapo, lakini nguzo zinachomoka na ubao wenyewe unapita ukiinuliwa ubavu. Mwenye nyumba amekubali kutusubiri hadi mwisho wa mwezi, kwa sharti kwamba twende na seremala anayejua kuzifungua hizo nguzo bila nyundo, na yule wa karakana ya meza amesema ataongozana nasi.